Pizz., arco na tremolo kwenye MuseScore: jinsi ya kuziandika zikasikika

"Mwalimu, nimeandika pizz. juu ya fidla, mbona kompyuta inaendelea kuvuta upinde vilevile?" Swali hili naulizwa kila kwaya za huku kwetu zinapojiandaa kuingia studio. Na huku kusini mwa Tanzania, kuanzia Newala, Masasi na Ndanda mpaka Nachingwea na Lindi mjini, kurekodi kunafuata fedha ya korosho, kwa hiyo maswali huja kwa mkupuo baada ya minada. Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimtumie hii.

Jibu lenyewe ni fupi: MuseScore, programu ya kuandikia muziki kwenye kompyuta, haisomi maneno uliyochapa. Ukiandika pizz. (agizo la kudonoa uzi kwa kidole) kwa kibodi, kwake hayo ni maandishi tu, yamewekwa kwa ajili ya macho ya mpigaji. Sauti hubadilika pale unapoweka alama iliyobeba agizo ndani yake. Alama mbili zinaweza kufanana kabisa kwenye karatasi, moja ikiwa na agizo na nyingine haina. Karibu kila tatizo utakalokutana nalo linatoka hapo.

Nachukulia kwamba kuandika noti kwenye programu unajua tayari, na wimbo wako wa sauti nne umekamilika. Kinachobaki ni nyuzi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- MuseScore Studio 4. Ni ya bure, wala usikubali mtu akuuzie "leseni". Inahitaji kompyuta ya biti 64, na kwa upande wa Windows iwe 10 au zaidi. Kama laptopu yako ni ya zamani, tumia MuseScore 3.6.2, hatua zake ni tofauti kidogo, nimeziweka peke yake huko chini.
- Sauti. Ukishasakinisha programu, unapata MS Basic humo humo, na kwa kujifunza inatosha. Zipo pia Muse Sounds, nazo ni za bure, ila unazipakua kupitia programu nyingine iitwayo Muse Hub. Faili zake ni za gigabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku. Kwenye mashine yenye RAM chini ya GB 8 nisingejisumbua nazo.
- Hedifoni. Spika za laptopu hazitoi besi, na utajikuta unaongeza sauti ya besi bila sababu mpaka wimbo uchafuke.
- Noti zilizotulia. Kama bado unahamisha wimbo kutoka Do ni F kwenda Do ni G, au unabishana na mpiga kinanda kuhusu kodi (chords), malizaneni kwanza. Mbinu za nyuzi huwekwa mwishoni.

Maneno utakayokutana nayo

Ni ya Kiitaliano, na yaache hivyo hivyo, kwa sababu mpigaji aliyefundishwa fidla popote pale, iwe chuo cha muziki cha DCMA, Zanzibar, au ng'ambo, atayasoma moja kwa moja. *Arco* ni kupiga kwa upinde. *Pizz.* ni kudonoa uzi kwa kidole. Ukisikiliza besi kubwa kwenye taarabu asilia unaisikia karibu muda wote. *Tremolo* ni kutikisa upinde haraka haraka juu ya noti moja. *Con sord.* ni kupiga ukiwa umevika kizibo cha sauti, na *senza sord.* ni kukivua. *Sul pont.* ni kupiga karibu na daraja, sauti inakuwa kali yenye mikwaruzo. *Sul tasto* ni kupiga juu ya ubao wa vidole, sauti inalainika. *Col legno* ni kugonga uzi kwa mti wa upinde. *Ord.* maana yake rudi kwenye kawaida.

Kila moja, ikishaandikwa, inaendelea kufanya kazi mpaka neno jingine liifute. Haiishi mwisho wa kipimo, wala mwisho wa ukurasa.

Nadharia nyingine unayoihitaji ni hii tu: sauti za kawaida za kompyuta zinafuata orodha ya General MIDI ya mwaka 1991, yenye nafasi 128. Kwenye nyuzi, namba 41 ni fidla, 42 vayola, 43 selo, 44 besi kubwa, 45 tremolo, 46 pizzicato. Basi. Hakuna nafasi ya sul pont., wala ya col legno. Ndiyo maana kwa MS Basic utasikia pizzicato na tremolo zikibadilika, na zile nyingine utaziona zimeandikwa lakini sauti haisogei. Ukizitaka zisikike, tafuta Muse Sounds.

Hatua zenyewe

1. Weka ala za kweli. Bonyeza F7, ufungue orodha ya ala, uongeze fidla, vayola, selo na besi kutoka kundi la Strings. Utaona fidla ziko za namna mbili: Violin ya mtu mmoja, na ile yenye neno section, yaani kundi. Kwa kusindikiza kwaya chagua kundi. Usichukue mstari wa kinanda uliokuwapo ukaubadilisha kuwa nyuzi kwenye miksa. Utasikia nyuzi, ni kweli, lakini mstari ule bado ni kinanda, na pizz. yako haitapata pa kushika.

2. Andika noti zote kama za upinde, mwanzo hadi mwisho. Bonyeza Space usikilize. Noti ikikosewa sasa unaijua. Ikikosewa baada ya kuweka mbinu hutajua kama tatizo ni noti au ni alama. Kisha Ctrl+S. Umeme wetu mnaujua.

3. Fungua paleti kwa F9, nenda kwenye ile iitwayo Text. Humo ndimo alama zenye agizo zinamokaa: Pizz., Arco, Tremolo, Mute na nyinginezo. Usipoiona unayoitaka, bonyeza More juu ya paleti hiyo, au bonyeza Ctrl+F9 uandike pizz kwenye kisanduku cha kutafutia.

4. Chagua noti ya kwanza inayotakiwa kudonolewa, kisha bofya Pizz. Chagua noti yenyewe, kichwa chake kibadilike rangi. Wengi wanachagua kipimo kizima, na alama inakwenda kukaa biti (pigo) ya kwanza wakati wao walitaka ya tatu. Ukimaliza, bonyeza Space uanze kusikiliza vipimo viwili nyuma yake, ili usikie mpito wenyewe.

5. Hapo hapo, kabla hujafanya kitu kingine, nenda kwenye noti upinde unaporudi na ubofye Arco. Hii hatua nimeipa namba yake makusudi. Watu wanaweka pizz., wanafurahi, wanaendelea, halafu kiitikio kinakuja na nyuzi zote bado zinadonoa. Mbaya zaidi ni yule anayechapa neno arco kwa mkono. Kwenye karatasi limekaa sawa, macho yanaridhika, kompyuta inadonoa hadi Amina. Kama ulitumia sul pont. au sul tasto, neno la kurudi ni ord., nayo pia ichukuliwe kwenye paleti. Humo imeandikwa Normal.

6. Rudia kwa kila mstari. Pizz. ya fidla ya kwanza haihusu fidla ya pili. Ili usihangaike, bofya noti ya kwanza ya fidla ya kwanza, shikilia Ctrl, bofya noti za mistari mingine zinazoanza hapo, kisha bofya Pizz. mara moja tu.

7. Tremolo: chagua njia moja. Zipo mbili. Unaweza kuweka vile vistari vitatu kwenye shina la noti kutoka paleti ya Tremolos, na programu itarudia noti hiyo haraka. Au unaweka neno Tremolo kutoka paleti ya Text, na programu inachukua sauti iliyorekodiwa ikiwa inatikisika. Ukiweka zote mbili, noti inayotikisika inarudiwa tena haraka juu yake, na unapata mlio wa bunduki. Mimi kwa karatasi ya mpigaji naweka vistari, kwa kuwa ndivyo anavyosoma, neno naliacha.

8. Mpe mpigaji muda. Kompyuta inahama kutoka upinde kwenda kidole bila kupoteza hata chembe ya biti. Binadamu hawezi. Akiwa anavuta upinde anahitaji kuugeuza mkononi ili kidole kifike kwenye uzi, na kurudi ndiko kugumu zaidi. Acha pumziko la biti moja kwa mwendo wa wastani, mbili kama wimbo ni wa haraka. Inasaidia pia noti ya mwisho kabla ya pizz. ikiwa ya upinde wa kupanda, na ya kwanza baada yake ikiwa ya kushuka, maana hapo mkono uko karibu na nyuzi. Kwa kizibo cha con sord. acha vipimo kadhaa vya ukimya. Mtu anakitafuta, anakivika, anarudisha fidla begani. Ukisahau hili, wimbo utasikika vizuri nyumbani na kuvurugika studio, na utamlaumu mpigaji bure.

9. Rekebisha maandishi kwa ajili ya msomaji. Alama ya paleti ukiibofya mara mbili unaweza kubadilisha maneno yake bila agizo kupotea. Kama unataka isomeke "pizz. laini", andika hivyo, na bado itadonoa. Ukitaka agizo lisikike lakini lisionekane kwenye karatasi, ichague ubonyeze V. Inafifia kwenye skrini, haichapwi, na sauti inabaki.

10. Andika upya nguvu ya sauti kila mbinu inapobadilika. Noti ya upinde yenye *p* na noti ya kidole yenye *p* hazifiki sawa sikioni. Pizz. hufa haraka, na chini ya kwaya ya watu arobaini inamezwa. Mimi huipandisha ngazi moja, *mp* ikawa *mf*, halafu arco ikirudi narudisha. Ukiacha kuandika, mpigaji ataendelea na alama ya mwisho aliyoiona.

11. Sikiliza mstari mmoja mmoja. F10 inafungua miksa. Bonyeza S kwenye mstari wa fidla ya kwanza usikie peke yake toka mwanzo hadi mwisho, kisha unaofuata. Ukisikiliza zote kwa pamoja, selo iliyosahauliwa kwenye pizz. inajificha vizuri sana.

Mfano wa vipimo kumi na sita

Chukua wimbo wa 4/4, Do ni D. Nimechagua D kwa sababu nyuzi za fidla ni G, D, A na E, kwa hiyo ngazi hii inapata nyuzi wazi na fidla inang'aa. Waandishi wetu wengi wanapenda Do ni A flati kwa kuwa inakaa vizuri kwa sauti ya kwanza. Kwa kinanda hakuna shida, ila ukileta fidla jaribu kuisogeza nusu hatua uone tofauti.

Vipimo 1 hadi 4 ni utangulizi, nyuzi zote arco, *mf*. Kipimo cha 4 kinaishia na pumziko la biti moja. Kipimo cha 5, ubeti unaanza: fidla zote mbili na vayola pizz., robo noti kwenye biti ya pili na ya nne tu, biti ya kwanza na ya tatu mwachie besi, naye adonoe. Selo abaki arco na noti ndefu, maana lazima pawe na kitu kinachoshikilia kodi wakati wengine wanadonoa. Hapo utakuwa umebofya Pizz. kwenye mistari minne na selo hukumgusa.

Kipimo cha 8, biti ya tatu na ya nne, fidla na vayola wanyamaze. Kipimo cha 9 kiitikio kinaingia, Arco kwa wote wanne, *f*. Kipimo cha 13 na 14, wakati kwaya inashikilia neno la mwisho, vayola na fidla ya pili waweke vistari vya tremolo, waanze *p* na kupanda. Kipimo cha 16, noti moja ya mwisho, pizz. kwa wote, na selo pia. Wanapata kipimo cha 15 chote cha kupumzika kabla yake.

Sasa hesabu safari: fidla ya kwanza ina arco, pizz., arco, pizz. Kama wimbo una marudio kutoka kipimo cha 5, noti ile ya mwisho isiingizwe ndani ya marudio, iwekwe kwenye mwisho wa pili. Na wimbo wowote unaorudi mwanzo, andika arco kwenye kipimo cha 1 hata kama unaona ni wazi. Mpigaji aliyetoka kudonoa akarudi juu hana sababu ya kubahatisha.

Kwa wenye MuseScore 3

Hapa agizo unalitia mwenyewe. Chagua noti, bonyeza Ctrl+T, chapa pizz., bonyeza Esc. Kisha bofya maandishi hayo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Staff Text Properties, fungua ukurasa wa Change Channel. Utaona namba 1 hadi 4 za sauti zinazoweza kukaa kwenye mstari mmoja. Washa unazozitumia, kwa kawaida 1 peke yake, na uchague pizzicato. Kwa arco fanya vivyo hivyo, ukichagua arco au normal, jinsi ala hiyo inavyoonyesha. Ukishatengeneza moja nzuri, inakili kwa Ctrl+C na uibandike kwingine. Agizo linakwenda nayo. Kwenye miksa ya toleo hili kila mbinu ina ngazi yake ya sauti, jambo ambalo mimi bado nalikumbuka kwa upendo.

Ikigoma

*Sauti haibadiliki kabisa.* Bofya alama yako, kisha tazama mstari wa chini kabisa wa dirisha. Ukiona Staff text, ulichapa mwenyewe. Futa, weka ya paleti. Ukiona Playing technique annotation, alama ni nzima, tatizo liko kwingine: nenda F10. Kama kwenye mstari huo ulichagua sauti fulani kwa mkono, programu imefungwa kwenye sauti hiyo. Irudishe kwenye Choose automatically.

*Niliweka sul pont., nasikia upinde wa kawaida.* Uko kwenye MS Basic. Angalia jina lililo juu ya kila mstari wa miksa. Alama iache ilipo, mpigaji ataisoma.

*Nina Muse Sounds, nataka maandishi yangu mwenyewe yatii.* Kwenye matoleo ya karibuni ya 4, ukichapa kwa Ctrl+T kwenye ala inayotumia Muse Sounds kinatokea kialama kidogo pembeni ya maandishi. Kibofye uchague sauti unayotaka iambatane nayo. Kwa MS Basic kialama hicho hakikufai kitu.

*Mbinu inabadilika noti moja mapema au moja kuchelewa.* Alama imeshikizwa noti nyingine. Ukiibofya utaona mstari wa vitone unaoielekeza ilikofungwa. Usiiburute ili ionekane sawa. Ifute, chagua noti sahihi, bofya upya.

*Noti ndefu za pizz. zinakatika.* Hazikatiki, uzi uliodonolewa haudumu. Hata ukiandika noti ya biti nne, utasikia tone moja na ukimya. Andika robo noti na mapumziko, na uondoe zile slari zinazounganisha noti za pizz., upinde haupo wa kuziunganisha.

*Besi iko juu mno au chini mno.* Besi kubwa huandikwa oktava moja juu ya inavyolia. Ukiziandika mwenyewe upya noti za mkono wa kushoto wa kinanda na unataka zilie palepale, zipandishe oktava moja.

*Nimeleta wimbo kutoka Finale.* Hiyo ni programu nyingine ya kuandikia muziki. Tangu kampuni yake itangaze Agosti 2024 kwamba inaacha kuiendeleza, walimu wengi wanahamisha kazi zao kwa MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu mbalimbali za muziki. Noti zinafika salama. Maneno ya pizz. na arco yanaweza kufika yakiwa maandishi matupu, kwa hiyo yapitie moja moja ukitazama ule mstari wa chini.

*Sauti inakwamakwama nikiwa na Muse Sounds.* Mashine imeelemewa. Fanya kazi yote kwenye MS Basic, na ubadilishe kwenye miksa siku ya kutoa faili ya mwisho.

*Nimemtumia mwenzangu wa Lindi, kwake inasikika tofauti.* Faili ya MuseScore haibebi Muse Sounds ndani yake. Kwake inafunguka na sauti alizonazo. Anayetaka kusikia mtumie MP3, anayetaka kupiga mtumie PDF ya mstari wake peke yake, na faili yenyewe mpe yule tu atakayeihariri. Zote tatu zinatoka kwenye menyu ya File.